Mazoezi ya sarufi ya Kiingereza: kitabu, simu, mitihani iliyopita au daftari?

Anayetaka kunyoosha Kiingereza chake siku hizi hakosi pa kufanyia mazoezi. Kuna kitabu chenye majibu nyuma, kuna programu za simu zinazokukumbusha kila jioni kwamba hujasoma, kuna mitihani iliyopita inayouzwa steshenari ikiwa imebanwa kwa pini, kuna akili mnemba inayosahihisha sentensi kabla hujainua kidole, na kuna daftari na kalamu. Nafundisha tuisheni ya jioni, darasa lenye watahiniwa wa Kidato cha Nne upande mmoja na watu wazima waliotoka kazini upande wa pili, na nimeona kila njia kati ya hizo ikimnyanyua mtu na kumpotezea mwenzake muda. Kinacholeta tofauti, kwa kadiri nilivyoona, ni aina ya kosa ambalo mtu anataka kuliondoa. Nyakati za vitenzi, kauli ya kutendwa na maneno ya idadi huwekwa kwenye orodha moja ya mada, lakini haziharibiki kwa namna moja wala hazitengenezwi kwa namna moja. Ndiyo maana naanza na makosa yenyewe kabla ya kupima njia.

Makosa yetu yanatoka wapi

Kwenye nyakati, tatizo ni kwamba tuna -li-, -me-, -na- na -ta-, na tunadhani kila kimoja kina pacha wake katika Kiingereza. Tunasema "amekuja jana" na hakuna anayeshtuka. Ukiihamisha hivyo hivyo unapata "He has come yesterday", na Kiingereza hakikubali "has come" ikae na siku iliyokwisha kupita. Ni "He came yesterday". Tunasema "amelala" kwa mtu ambaye bado yuko usingizini, tunaandika "He has slept", na Mwingereza anaelewa kwamba mtu huyo keshaamka. Tunasema "naishi hapa tangu 2019", inatoka "I live here since 2019", ilhali inatakiwa "I have lived here since 2019". Hata "nitakapofika" inatuponza, kwa sababu ina -ta- ndani yake. Mtu anaandika "When I will arrive, I will call you" akiwa na uhakika kabisa, kumbe baada ya "when" ya aina hiyo Kiingereza hutumia wakati uliopo: "When I arrive, I will call you". Na "I am knowing" chanzo chake ni "ninajua", maana -na- yetu haitofautishi jambo linaloendelea sasa hivi na jambo unalolijua siku zote.

Kwenye kauli ya kutendwa tunaharibu kwa sababu ya ukarimu wa Kiswahili. Sisi tunaweza kutendwa karibu chochote. "Nimeibiwa simu" inakuwa "I was stolen my phone", yaani wewe ndiye uliyeibwa. Kiingereza kinaifanya simu iwe mtendwa: "My phone was stolen". "Amefiwa na baba yake" haisemwi kwa kutendwa katika Kiingereza cha kawaida. Useme "He has lost his father". "Tumenyeshewa" ni "We got caught in the rain". Halafu kuna wale waliotoka kufundishwa mada hii juzi, wanaitia kila mahali, hata pasipohitajika: "The accident was happened at night". Hao huwasaidia kukumbuka "umefunguka" na "umefunguliwa". Cha kwanza ni "The door opened", cha pili ni "The door was opened". Kitu kinachotokea chenyewe hakihitaji "was". Na "na" yetu isichanganywe na "kwa": "na mbwa" ni "by a dog", "kwa fimbo" ni "with a stick".

Maneno ya idadi yana shida nyingine kabisa. "-ingi" inatutosha kwa watu wengi, pesa nyingi na maji mengi; tunachobadilisha ni kiambishi cha ngeli. Kiingereza kinauliza swali ambalo sisi hatulijui: je, nomino hii inahesabika? Na jibu halitokani na kitu chenyewe. Pesa unazihesabu mbele ya mtu, lakini "money" haihesabiki, hivyo ni "much money" au "a lot of money". Vifaa ni wingi, lakini "equipment" haina s mwishoni. Ndivyo zilivyo "information", "advice", "furniture", "luggage" na "homework". Hakuna mantiki ya kukuokoa hapo. Lazima uzijue moja moja. Ongeza "one of my friend" badala ya "one of my friends", "most of people" badala ya "most people", na ile "a" ndogo inayogeuza maana: "I have few friends" ni malalamiko, "I have a few friends" ni mtu aliyeridhika na marafiki wake.

Kwa hiyo nyakati zinahitaji muktadha, kauli ya kutendwa inahitaji uamuzi wa nani aanze sentensi, na maneno ya idadi yanahitaji kumbukumbu. Njia inayofaa kukariri haiwezi kukufundisha kuamua.

Kitabu cha mazoezi

Kitabu kinachotajwa zaidi ni English Grammar in Use cha Raymond Murphy, kilichotolewa na Cambridge University Press kwa mara ya kwanza mwaka 1985. Hicho ni cha buluu, cha walio katikati; mwenzake chekundu, Essential Grammar in Use, ni cha wanaoanza. Mpangilio wake ni rahisi na ndio uliokifikisha mbali: ukurasa wa kushoto maelezo, wa kulia mazoezi, mada moja kwa kila kurasa mbili. Toleo la tano la kile cha buluu, la mwaka 2019, lina sura fupi 145. Toleo la zamani likikuangukia kwa bei nafuu, lichukue tu. Sarufi haijabadilika kiasi cha kukuharibia. Angalia jambo moja kabla ya kulipa: kimechapishwa kwa namna mbili, chenye majibu na kisicho na majibu. Kisicho na majibu ni cha darasani. Ukisoma peke yako nacho, hutajua kama umepata au umekosa.

Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kuanza sura ya kwanza akikusudia kufika ya mwisho. Nyakati zimejazana mwanzoni, kauli ya kutendwa iko baada ya sura arobaini na kitu, maneno ya idadi yako mbali zaidi ya nusu ya kitabu. Anayeanza mwanzo huchoka akiwa bado kwenye nyakati, na mwaka unaofuata anaanza tena sura ya kwanza. Matokeo yake nyakati anazijua kwa maelezo, na "much" na "many" hajawahi kuzigusa. Nyuma ya kitabu kuna mwongozo wenye maswali ya kukupima, unaokuambia sura ipi uende kulingana na ulichokosa. Wengi hawajui kama upo. Uanzie huo.

Udhaifu mkubwa wa kitabu ni kwamba kichwa cha sura kinakupa jibu. Ukifungua sura inayohusu "present perfect", kabla hujasoma swali unajua unatakiwa kuandika "have" au "has". Unapata kumi kwa kumi, unafunga kitabu ukiwa na furaha, kesho unaandika barua pepe kazini: "I have sent the report yesterday". Kujaza nafasi kulikufundisha umbo la kitenzi; hakukukufundisha lini ulichague. Dawa iko humo humo: karibu na mwisho kuna mazoezi ya ziada yaliyochanganya mada za sura kadhaa. Ni magumu na yanakera, na kwa nyakati ndiyo yenye thamani kuliko yote yaliyotangulia.

Kwa maneno ya idadi kitabu kinafanya kazi nzuri, kwa sababu pale unachohitaji ni orodha na kurudia. Kwa kauli ya kutendwa kinakufikisha nusu ya njia.

Simu

Programu za lugha zina faida ambayo kitabu hakina: zinaingia kwenye daladala. Dakika kumi za foleni zinatosha kuamua mara thelathini kama ni "much" au "many", "few" au "little", na kwa jambo linalohitaji kumbukumbu hiyo ni faida kubwa. Programu nzuri inakurudishia neno ulilokosea baada ya muda, kazi ambayo wewe mwenyewe usingekumbuka kuifanya.

Kwa nyakati sizipendekezi kabisa. Sentensi zinakuja moja moja, hazina jana wala kesho, na wewe unagusa vipande vya maneno vilivyokwisha kuandikwa. Kutambua jibu miongoni mwa manne na kulitoa kichwani ni kazi mbili tofauti. Jambo jingine ni kwamba programu nyingi zimetengenezwa Marekani, na Mmarekani husema "I already ate" bila tatizo, ilhali mwalimu wako wa sekondari na msahihishaji wa mtihani wanataka "I have already eaten". Mtahiniwa anapoteza alama kwa kitu ambacho simu ilimpigia makofi.

Na ile hesabu ya siku mfululizo isikudanganye. Inapima kama ulifungua programu.

Kama bando lipo, heri ulitumie kwenye tovuti za bure za BBC Learning English na LearnEnglish ya British Council. Huko unapata maelezo, sauti na mazoezi, na ya British Council yamepangwa kwa ngazi, kutoka A1 ya wanaoanza hadi C1 ya waliobobea, kwa hiyo hupotei.

Mitihani iliyopita

Kwa mtahiniwa hili halina mjadala, lazima uipitie. Swali ni uipitie vipi, na kwa wasio watahiniwa, kama inawafaa.

Kenya, karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ina alama 80, na 15 kati ya hizo ni za sarufi: kuandika upya sentensi kwa maelekezo bila kubadilisha maana, kujaza nafasi, kubadilisha umbo la neno. Karatasi ya kwanza ina kifungu chenye nafasi kumi zilizoachwa wazi. Kifungu hicho nakipenda kuliko zoezi lolote la kitabu, hata kwa wanafunzi wangu wa Tanzania. Nafasi moja inataka wakati wa kitenzi, inayofuata inataka neno la idadi, nyingine kiunganishi, na hakuna kichwa cha sura cha kukunong'oneza. Unalazimika kusoma sentensi ya juu na ya chini ndipo ujue.

Kwa Tanzania kuna hazina ambayo watu wanaipita bila kuitazama. Baraza la Mitihani, NECTA, hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na zinapatikana kwenye tovuti yake. Ndani yake utaona swali, maelezo ya kilichowaangusha wengi, na sampuli za majibu mazuri na mabaya kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Hakuna kitabu cha London kitakachokuonyesha makosa ya mtu aliyekulia kwenye Kiswahili kama taarifa hizo. Zichapishe kurasa chache, ziba maelezo, jaribu kueleza mwenyewe jibu baya lina ubaya gani, halafu fungua usome.

Ubaya wa mitihani uko kwenye kauli ya kutendwa, na hapa naomba nikae kidogo. Zoezi la kawaida ni lile la "Juma kicked the ball", ugeuze. Unaandika "The ball was kicked by Juma", unapata alama yako. Umejifunza mambo matatu ya kweli: kitendwa kinakuja mbele, "be" inabeba wakati, kitenzi kinakwenda umbo la tatu. Lakini hakuna mtu anayesimulia mechi hivyo. Kauli hii hutumika pale mtendaji hajulikani, hana umuhimu, au anajulikana mno kiasi kwamba kumtaja ni kupoteza maneno: "The road was built in 1974", "Two men have been arrested", "The results will be announced on Friday". Ukihesabu kwenye gazeti lolote la Kiingereza utaona "by" ni nadra. Mtoto aliyegeuza sentensi mia mbili za Juma na mpira anaamini "by" ni lazima, na anaandika "The road was built by people". Ni sahihi kisarufi na inachekesha.

Kwa hiyo itumie mitihani kwa umbo, kwa mwendo wa saa, na kwa kuzoea maelekezo. Kwa mtu mzima asiye na mtihani mbele yake, kile kifungu cha nafasi kumi kinamtosha.

Kuandika na kusahihishwa, na mahali pa akili mnemba

Hapo zamani njia hii ilihitaji mwalimu mwenye moyo. Sasa simu inasahihisha, na ndipo ilipoanza kuharibika. Mwanafunzi anaandika aya yenye makosa tisa, anaibandika, anasema "sahihisha", na inarudi aya inayong'aa ambayo si yake. Makosa tisa yamefutika bila yeye kuyaona. Akiulizwa kilichobadilika hajui.

Ibadilishe amri. Iambie akili mnemba: usisahihishe, nionyeshe tu mistari yenye kosa na uniambie ni makosa mangapi kila mstari. Ukirekebisha mwenyewe, irudishie ipime. Baada ya hapo kila kosa liandike nyuma ya daftari chini ya moja ya vichwa vitatu: nyakati, kutendwa, idadi. Baada ya wiki chache utaona safu moja imejaa na nyingine ni tupu, na hapo unajua ni kurasa zipi za kitabu uende. Njia hii ni bora kwa nyakati kwa sababu unaandika habari zako mwenyewe, jambo la jana, la tangu mwaka juzi, la kesho, na lazima uchague kila mara.

Tahadhari moja. Vyombo vya kusahihisha vina mtindo vinaoupenda, na baadhi hupiga mstari chini ya kila sentensi ya kutendwa kana kwamba ni kosa. Hilo ni pendekezo la mtindo. Kama unaandika ripoti ya maabara, "The solution was heated for ten minutes" ndiyo inayotakiwa. Usikubali kuambiwa ubadilishe ili aonekane aliyeshika kibiriti.

Kama una mtu badala ya mashine, mshike huyo mtu. Mtu anakuuliza "ulitaka kusema bado unaishi huko au ulishahama?", na swali hilo moja linakufundisha tofauti ya "I lived" na "I have lived" kuliko kurasa nne.

Daftari: kutafsiri kwenda na kurudi

Njia hii ni ya kale na haina mvuto, na kama ningelazimishwa kubakiza moja ningebaki nayo. Roger Ascham, aliyemfundisha Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza kabla hajawa malkia, aliieleza kwa ajili ya Kilatini katika kitabu kilichochapishwa 1570, miaka miwili baada ya kufa kwake. Unachukua aya fupi ya Kiingereza kizuri. Unaigeuza Kiswahili, unafunika ya asili. Baada ya siku mbili au tatu, ukiwa umeshasahau maneno, unakigeuza Kiswahili chako kirudi Kiingereza. Kisha unaweka mbili hizo kando kwa kando.

Tuseme aya ni hii: "The bridge was closed on Monday after heavy rain. Few cars have crossed the river since then, and much of the food in the market has gone bad. Engineers say it will be repaired when the water goes down."

Kiswahili chake: "Daraja lilifungwa Jumatatu baada ya mvua kubwa. Tangu hapo magari yaliyovuka mto ni machache, na sehemu kubwa ya chakula sokoni imeharibika. Wahandisi wanasema litatengenezwa maji yatakapopungua."

Siku tatu baadaye mwanafunzi wa kati anarudisha hivi: "The bridge was closed on Monday after big rain. Since then the cars which crossed the river are few, and a big part of the food in the market is spoiled. The engineers say it will be repaired when the water will reduce."

Tazama kilichojitokeza. Kutendwa kumetoka salama mara mbili, "was closed" na "will be repaired", tena bila "by", kwa sababu habari yenyewe haikumtaja mtu. "When the water will reduce" ni ile -taka- yetu imejipenyeza, kosa la wazi la wakati. "The cars which crossed are few" imefuata mpangilio wa Kiswahili, idadi mwishoni. Kiingereza kinapenda kuanza nayo, "few cars", na kwa kuwa tangu Jumatatu mpaka sasa bado hali ni hiyo, kitenzi ni "have crossed". "Big rain" ni suala la neno, sarufi haina kosa. "Is spoiled" ni sawa kabisa, ingawa haifanani na ya asili. Mistari mitatu imepima mada zote tatu kwa pamoja, na hakuna aliyekuambia leo tunafanya mada gani.

Ugumu wake umo kwenye huo mfano. Tofauti na ya asili si lazima iwe kosa, na anayeanza hawezi kujua "is spoiled" inafaa na "will reduce" haifai. Hapo ndipo kitabu kinarudi, sasa kama kamusi: unakwenda kwenye faharasa, unatafuta "when", unasoma kurasa mbili tu. Au unamuuliza mtu, au mashine. Kwa aliye chini kabisa, ambaye bado anatafuta "go, went, gone", njia hii itamvunja moyo. Amalize kwanza kile kitabu chekundu.

Aya za kufanyia hazikosekani. The Citizen, Daily News au Daily Nation, habari fupi ya kurasa za ndani; vifungu vya ufahamu kwenye mitihani iliyopita; habari za BBC Learning English. Epuka hotuba za wanasiasa na tahariri. Mistari mitatu hadi mitano inatosha. Anayechukua ukurasa mzima harudishi.

Nani achague nini

Kidato cha Nne mwenye miezi michache mbele yake: mitihani iliyopita pamoja na taarifa za NECTA, au vifungu vya KCSE kwa aliye Kenya, na kitabu kwa ajili ya sura zile tu anazokosea. Simu aiweke pembeni, isipokuwa kwa orodha ya nomino zisizohesabika.

Mfanyakazi anayeandika barua pepe na ripoti, ambaye Kiingereza anakielewa lakini nyakati zinamwaibisha: aandike kila siku mistari mitano ya kazi yake halisi, aombe kuonyeshwa makosa bila kusahihishiwa. Kwake kitabu kizima ni mzigo.

Anayejiandaa na IELTS, mtihani wa Kiingereza kwa wanaotaka kusoma au kuhamia nje, ana hali yake. Katika sehemu ya kuandika, sarufi ni kigezo kimoja kati ya vinne, na wasahihishaji wanaangalia upana wa miundo pamoja na usahihi. Kazi ya kwanza ya kundi la kitaaluma (Academic) ni maneno yasiyopungua 150, na inapendekezwa utumie dakika 20. Huenda ukapewa chati, na hapo usipojua kwamba "the number of" ni ya watu na "the amount of" ni ya maji umeharibu kila sentensi. Au unapewa mchoro wa jinsi saruji inavyotengenezwa, na hapo ni kutendwa mwanzo hadi mwisho, "is crushed", "is mixed", "is heated", bila "by" hata moja. Zoezi lake bora ni kuchukua majibu ya mfano na kuyafanyia tafsiri ya kwenda na kurudi, kisha kubadilisha mchoro na kuandika upya kwa saa.

Na kwa mwenye kitochi, asiye na bando wala fedha ya kitabu: daftari, gazeti la Kiingereza la wiki iliyopita alilofungiwa maandazi, na mtu mmoja wa kumuuliza mara moja kwa wiki. Achague habari yenye polisi, mahakama au mvua. Hizo ndizo zenye kutendwa kwingi, tarehe nyingi na idadi za kila namna, na Kiingereza chake ni kifupi.